Hodi ya Usiku wa Manane: Bunduki ya Mwenye Nyumba na Swali la "Nani?"

Katika Kiswahili mna neno dogo la herufi nne ambalo huenda limeokoa roho nyingi kuliko makomeo na makufuli yote ya mafundi wetu. Neno hilo ni "hodi". Abishaye hodi huomba ruhusa ya kuingia, na papo hapo hujitambulisha kwa sauti yake: mwenyeji hujua kama aliyeko nje ni mtu mzima au mtoto, jirani au mgeni, mlevi au mwenye akili timamu. Akiwa bado ana shaka, naye huuliza: "Nani?" Aliyeko nje hutaja jina lake, au la baba yake, au hueleza alichokifuata saa hizo. Hapo ndipo hutoka "karibu". Jibu lisipotoka, mgeni mstaarabu akishabisha mara tatu hujiondokea zake. Wanafunzi wa isimujamii wanaweza kuyaita hayo mazungumzo ya kimazoea yasiyobeba taarifa nzito. Mimi nayaita sheria ya usalama, tena sheria ambayo haikuhitaji Bunge kuipitisha.

Nia ya makala haya ni kulitetea swali hilo la "Nani?" dhidi ya kitu kimoja ambacho kazi yake ni kulimeza, nacho ni bunduki ya mwenye nyumba. (Msomaji wa mjini asimfikirie mdai kodi wa mwisho wa mwezi. Mwenye nyumba hapa ni yule alalaye ndani, awe amejenga au amepanga.) Dai langu ni kwamba misiba mingi ya watu kuwaua wapendwa wao au wapita njia wasio na hatia usiku haitokani na ukatili wa muuaji. Hutokana na kufyatua risasi kabla ya kupata jibu. Kwa hivyo sheria yetu ya silaha, pamoja na mafunzo yanayoambatana nayo, inafaa ilifanye swali hilo kuwa wajibu.

Nimeichagua Tala kwa sababu hoja hii inaonekana vizuri zaidi pale kuliko Karen au Muthaiga. Tala ni soko maarufu la Matungulu, katika Kaunti ya Machakos. Barabara ya Kangundo huanzia Nairobi, ikapita Ruai, Kamulu, Joska, Malaa na Nguluni kabla ya kuufikia mji huo. Katika miongo miwili hivi iliyopita, ardhi ya kandokando ya barabara hiyo iliyokuwa malisho na mashamba imekatwakatwa ikawa viwanja, na watu wafanyao kazi Nairobi wamenunua na kujenga. Nyumba za kwanza husimama peke yake nyikani kwa miaka kadhaa. Mwenyewe huinua ukuta, akaweka geti la chuma, akafunga vyuma madirishani na kufuga mbwa wakali. Mara nyingi anamfahamu dalali aliyemuuzia kiwanja kuliko anavyomfahamu jirani wa ng'ambo ya ua. Huondoka kabla ya jua kuchomoza na kurejea baada ya kuchwa. Mwendo wa dakika chache kutoka hapo, katika vijiji vya zamani ambavyo Wakamba huviita utui, hata mbwa wanamjua kila apitaye, na kikohozi cha mtu gizani chatosha kuwa kitambulisho.

Pana watu wa aina mbili, basi, wanaoishi bega kwa bega. Wa kwanza ana desturi ya kwenda kwa jirani usiku: mtoto ameshikwa na degedege, ng'ombe amekwama kuzaa, mzee amefariki na habari lazima zifike kwa ndugu kabla ya mapambazuko. Wa pili ana desturi ya kuamini kwamba yeyote alifikaye geti lake baada ya saa nne usiku amekuja kumdhuru. Wote wawili wana sababu zao. Tuongeze kwamba matatu ya mwisho kutoka Nairobi hukwama katika msongamano, simu huisha chaji na umeme hupotea, na kijana wa nyumba hiyo hiyo anaweza kujikuta akiruka ukuta wa kwao ili asimwamshe baba. Kila mzazi mwenye kijana wa miaka ishirini anajua kwamba jambo hili si la kubuni.

Wala hofu ya mwenye nyumba si ya kubuni. Anayeishi mbali na kituo cha polisi anajua maana ya kupiga simu akaambiwa gari halina mafuta. Wapo watu waliovamiwa, wakafungwa kamba mbele ya watoto wao na kutendewa mambo ambayo kalamu inaona haya kuyaandika. Anayemcheka mtu kama huyo kwa kutafuta silaha hajawahi kusikia kitasa kikitikiswa saa tisa za usiku. Nasema haya mapema kwa sababu baadhi ya waandishi wanaopinga bunduki huandika kana kwamba majambazi ni njozi, na msomaji wa Tala huwaacha katika aya ya pili.

Hata hivyo, kila silaha ina adabu zake. Wakamba wanasifika tangu jadi kwa upinde na mishale yenye sumu, na hata mjini Nairobi bawabu mwenye upinde amekuwa sura ya kawaida ya usiku. Upinde ni silaha ya kuua, tena kuua vibaya, lakini una masharti: lazima mpigaji asimame, avute, alenge na amwone anayemlenga. Katika muda huo mfupi mna nafasi ya kuuliza. Bastola haina sharti hilo. Hutoka chini ya mto, kidole kikakunjwa, na risasi ikapita mlangoni bila kujua nani yuko upande wa pili.

Nchini Kenya bunduki ya nyumbani ina historia ambayo hatuna budi kuikumbuka. Ilianza kama haki ya mlowezi. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, walowezi walikula chakula cha jioni bastola zikiwa mezani, ilhali Mwafrika aliyepatikana na silaha aliweza kunyongwa. Dedan Kimathi mwenyewe alihukumiwa mwaka 1956 kwa kosa la kupatikana na bastola, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ilitungwa katika miaka hiyo hiyo ya 1950. Imerekebishwa mara nyingi tangu hapo, lakini swali lake kuu limebaki lile lile: nani aaminiwe na bunduki? Swali la aaminiwe kufanya nini nayo, na baada ya kufanya nini kwanza, halikutiliwa mkazo.

Kisa kilichoufundisha umma wa Kenya zaidi kuhusu jambo hili kilitokea Soysambu, karibu na Ziwa Elementaita. Tarehe 19 Aprili 2005 Tom Cholmondeley, kitukuu cha yule Lord Delamere wa tatu, alimpiga risasi na kumuua Samson ole Sisina, afisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Sisina na wenzake walikuwa wamevaa nguo za kiraia, wakichunguza biashara haramu ya nyamapori katika ranchi hiyo. Cholmondeley alisema aliamini kuwa ni majambazi waliowateka wafanyakazi wake. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu Amos Wako aliyaondoa mashtaka, na Wamaasai wakaandamana kwa uchungu. Tarehe 10 Mei 2006, mtu huyo huyo, katika ardhi hiyo hiyo, alifyatua tena. Safari hii aliyekufa alikuwa Robert Njoya, mwashi, aliyekuwa na wenzake na mbwa wao wa kuwindia. Cholmondeley alisema aliwalenga mbwa. Mnamo Mei 2009 Jaji Muga Apondi alimwona hana hatia ya kuua kwa kukusudia bali ya kuua bila kukusudia, akamfunga miezi minane juu ya miaka mitatu aliyokwisha kukaa rumande. Cholmondeley alifariki mwaka 2016.

Wengi walikijadili kisa hicho kama suala la rangi na ardhi. Walikuwa na haki, kwani mashtaka ya mtu wa tabaka jingine yasingeondolewa kwa wepesi ule. Lakini liko funzo jingine lililofunikwa na kelele hizo. Kuondolewa kwa mashtaka ya 2005 kulimpa mtu aliyekosea ruhusa ya kuendelea kuyaamini macho yake. Neno "jambazi" lilikuwa limetosha mara ya kwanza. Hakuna aliyemlazimisha aeleze aliuliza nini, kwa sauti gani, na alijibiwaje.

Wanafunzi wa lugha wanapaswa kulipima neno hilo. Katika matumizi yetu "jambazi" ni nomino ya mtu aliyetenda jambo. Usiku, kwenye geti, huwa ni nomino ya mtu ambaye bado hajatenda lolote. Hupewa kwanza, kisha ushahidi ukafuata, na maiti haiwezi kuukanusha. Ndiyo maana katika taarifa nyingi za mauaji ya aina hii sentensi ni ile ile: alimdhania kuwa jambazi. Kitenzi "kudhania" hubeba mzigo wote wa kisa, nasi tunakipita haraka kana kwamba ni kiunganishi.

Tuwatazame majirani zetu wa kusini. Alfajiri moja ya Mei 2004, Rudi Visagie, aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya raga ya Afrika Kusini, aliamka akaona gari la nyumbani kwake likiondoka. Akafyatua risasi akidhani linaibwa. Aliyekuwa kwenye usukani ni binti yake wa miaka 19. Upande wa mashtaka uliamua kutomfikisha kortini, kwa hoja kwamba ameadhibiwa vya kutosha. Sina nguvu za kumhukumu baba huyo. Lakini hebu tuhesabu kilichokuwa hatarini kabla ya risasi kutoka: gari. Hapakuwa na mtu aliyeshikiwa kisu wala mlango uliovunjwa. Lilikuwa gari linaloondoka, na gari linaloondoka haliui aliyelala.

Kisa cha Oscar Pistorius kinajulikana sana, nami nitakigusa kwa ajili ya jambo moja tu. Tarehe 14 Februari 2013 alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa, akamuua Reeva Steenkamp. Alijitetea kuwa alidhani mvamizi ndiye aliyeko ndani, na kwamba alipiga kelele kumwamuru atoke. Mahakama ya kwanza ilimkuta na hatia ya kuua bila kukusudia. Mnamo Desemba 2015 Mahakama ya Juu ya Rufaa ilibadili uamuzi huo ukawa wa mauaji. Hoja yake ndiyo ninayoitaka: haidhuru alidhani nani yumo, alijua yumo binadamu, na alijua kwamba risasi nne katika chumba kidogo kama kile zitamuua binadamu huyo. Kwa hoja hiyo, kosa halianzi pale aliyeuawa anapogunduliwa kuwa mchumba au mwana. Lilikuwapo hata kama angekuwa mwizi aliyejificha akitetemeka.

Kisa ambacho kingefaa kufundishwa katika kila darasa la pragmatiki, hata hivyo, ni cha Marekani. Tarehe 17 Oktoba 1992, huko Baton Rouge, jimbo la Louisiana, Yoshihiro Hattori, mwanafunzi wa miaka 16 kutoka Japani, alikuwa akienda karamuni pamoja na kijana wa familia iliyomkaribisha. Walikosea nyumba. Wakabonyeza kengele, yaani walibisha hodi kwa desturi ya kule. Mama wa nyumba akachungulia, akaogopa, akamwambia mumewe alete bunduki. Mume akatokea akamwamrisha Hattori kwa neno moja la Kiingereza ambalo maana yake ya msingi ni kuganda, kama maji yagandavyo yakawa barafu, lakini ambalo mitaani kule humaanisha "usisogee, nitakupiga". Hattori aliyekuwa bado akijifunza lugha hiyo aliendelea kusogea huku akieleza kwa furaha kwamba wamekuja kwenye karamu. Risasi moja kifuani ikatosha. Baraza la wazee wa mahakama lilimwachilia aliyefyatua mwaka 1993, na mwaka uliofuata kesi ya madai ikamwamuru kulipa takriban dola 650,000. Huko Japani watu wapatao milioni 1.7 walitia saini ombi la kuitaka Marekani idhibiti bunduki za nyumbani.

Tujiulize: katika Tala ya leo amri hiyo hutolewa kwa lugha gani? Mwenye nyumba aliyehamia kutoka Nairobi atapaza Kiswahili au Kiingereza. Ajuza wa kijiji jirani huenda anakijua Kikamba pekee. Mlevi haelewi lugha yoyote saa hizo. Mgonjwa wa akili aliyepotea husikia sauti akaifuata. Kiziwi hasikii kitu. Kila mmoja wao akiambiwa "Simama!" anaweza kuendelea kutembea, na kuendelea kutembea kutahesabiwa kuwa shambulio. Wengine wetu tumezoea kudhani kwamba amri ikishatamkwa imeeleweka. Isimu imetufundisha kinyume chake tangu mwaka wa kwanza.

Wapo watakaosema, "Ukikaa kuuliza utakuwa umekufa kabla ya jibu." Hoja hii ina uzito, lakini uzito wake ni wa mtu aliyeko uwanjani, siyo wa mtu aliyeko nyuma ya ukuta, geti, mlango wa chuma na vyuma vya dirisha. Huyo wa pili amekwisha kununua muda kwa fedha nyingi. Visagie alikuwa nyumbani kwake. Pistorius alikuwa upande wa pili wa mlango uliofungwa. Mwenye nyumba wa Louisiana angaliweza kuufunga mlango akapiga simu. Aliyejizungushia ngome, halafu akafyatua kana kwamba yuko nyikani, ameitupa faida ya ngome yenyewe.

Wengine watataja Westgate. Ni kweli kwamba tarehe 21 Septemba 2013 raia wenye silaha za leseni, Abdul Haji akiwa miongoni mwao, waliingia katika jengo lile wakawaokoa watu wengi, na ushujaa wao unastahili sifa. Lakini walikuwa wakikabiliana na wauaji waliokuwa wakiua mchana kweupe. Humo humo, afisa wa kikosi maalumu cha polisi aliripotiwa kuuawa kwa risasi za wanajeshi wetu wenyewe waliodhani ni adui. Ikiwa askari waliofunzwa miaka mingi wanaweza kukosea mchana, mtu aliyeamka usingizini akiwa na chupi tu anajiamini kwa lipi?

Sheria yetu haiko kimya kabisa. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinayaacha masuala ya kujihami yaamuliwe kwa misingi ya sheria ya kimazoea ya Uingereza, na mahakama zetu hurejelea uamuzi wa Palmer wa mwaka 1971 uliotokana na rufaa ya Jamaika. Uamuzi huo unakiri kwamba mtu aliyeshambuliwa hawezi kupima nguvu zake kwa mizani ya dukani. Kifungu cha 10 nacho kinamlinda aliyekosea kwa imani ya kweli iliyo na msingi wa kuridhisha. Sina ugomvi na vifungu hivyo. Ninachodai ni kwamba hakuna msingi wa kuridhisha wa kudhania kitu ambacho ungeweza kukiuliza ukajibiwa. Bunge lingefaa kulitamka hilo waziwazi: aliye mahali salama asipouliza, imani yake isihesabiwe kuwa ya kuridhisha, na mali peke yake, iwe gari, mbuzi au televisheni, isiwe sababu ya kuua.

Mnamo Desemba 2018 Waziri Fred Matiang'i aliamuru wote wenye leseni za silaha wakaguliwe upya. Ulikuwa uamuzi mzuri, ingawa ulilenga zaidi kujua nani ana nini. Kwa makadirio ya taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva yaliyotolewa mwaka 2018, bunduki zilizo mikononi mwa raia wa Kenya ni kama 750,000, na nyingi mno hazimo katika daftari lolote. Hizo hazitaguswa na pendekezo langu, nakiri. Lakini aombaye leseni kwa ajili ya kulinda nyumba anaweza kuulizwa mambo ambayo hayahusu shabaha hata kidogo. Nani wengine hulala humo? Nani hurudi amechelewa, na huingilia wapi? Mke au mume anajua bunduki imewekwa wapi, na anaridhika nayo? Naamini jibu la mke katika faragha lingeokoa watu wengi kuliko cheti cha uwanja wa shabaha.

Kabla ya bunduki watu wa Ukambani, kama watu wa sehemu nyingine nyingi, walikuwa na kamsa. Mtu alipiga yowe, na utui mzima ukaja na mienge. Sitaki kuipaka kamsa asali. Umati ulioitika yowe umewaua watu wengi kwa mawe na tairi za moto bila kuwauliza jina, nao ni msiba wa namna ile ile. Hata hivyo kamsa ilikuwa na jambo moja jema: ilileta macho mengi na taa, na mara nyingi mmoja kati ya wengi alisema, "Ngojeni, huyu ni mtoto wa fulani." Mpango wa Nyumba Kumi ulioanzishwa mwaka 2013 ulitaka kuurejesha ujirani huo. Katika viwanja vipya vya Barabara ya Kangundo unahitaji kuanza na jambo jepesi kama watu kujuana sauti. Wengine wameanza kwa kubadilishana namba za simu, na mtoto wa jirani akipigiwa taa ya tochi anajua aite jina lipi.

Kwetu sisi wa chama hiki ipo kazi iliyo karibu zaidi. Sheria ya Silaha ipo kwa Kiingereza, ingawa Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mwombaji leseni wa Matungulu husaini masharti ambayo pengine hangeweza kuyaeleza kwa mkewe. Tuna wahadhiri wa tafsiri, tuna wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu, na tuna wenzetu wazawa wa Kikamba. Ukurasa mmoja unaoeleza lini mtu anaruhusiwa kujihami kwa silaha, nini lazima kifanyike kwanza, na maneno gani yapazwe kwenye geti kwa lugha zote mbili, unaweza kusomwa katika baraza la chifu pale Tala kabla ya muhula kwisha. Istilahi ya "nguvu za kadiri" bado inahitaji kujadiliwa, maana sidhani kwamba inaeleweka vyema kwa asiyesoma sheria, na ningependa tuanzie hapo katika kikao kijacho.